Mtutu wa Inchi Ishirini

Julai 5

Leo nimekaa dukani kwa Wendell Pruss, fundi bunduki, na kila swali nililouliza mimi alimjibu mume wangu. Si kwamba hanisikii. Ananisikia vizuri sana. Nikisema jambo anatikisa kichwa, kisha anageuza shingo kumtafuta Lyle kama mtu anayepapasa swichi gizani.

"Mama angependa kitako cha rangi gani, Bwana Tronrud?"

Lyle akaangalia kofia yake. Nikasema, "Mama yupo hapa hapa, na mama hajaja kununua pazia."

Bunduki ni ya marehemu baba. Maji yaliingia stoo ya chini mwaka juzi, kutu ikaula mtutu, lakini mtambo wake ni mzima na komeo lake bado linateleza kama limepakwa samli. Nataka mtutu mpya, na kitako kipya kilichokatwa kwa kipimo cha mkono wangu. Nina miaka hamsini na saba na sijawahi kujengewa bunduki. Siku zote nimerithi za wanaume: ndefu mno, nzito mno, zenye teke la punda. Na tangu Machi, mtamba aliponibana getini na daktari akaliunga bega langu la kulia kwa skrubu, teke la punda silitaki tena.

Nikamwambia Pruss: risasi ya saba-sifuri-nane, isiyo na teke kubwa, mtutu wa inchi ishirini. Akaniuliza kama nina hakika. Kisha akamuuliza Lyle kama nina hakika.

Julai 8

Tumekata majani ya bonde la chini. Joto. Bega.

Julai 13, Jumapili

Kaka yangu Orrin na wifi yangu Marvene wamekuja kula mchana. Nilikosea kumwambia Orrin habari za bunduki kabla hajashiba.

"Inchi ishirini!" alipiga kelele. "Hiyo ni bunduki au mwiko?"

"Ni bunduki ya mtu anayewinda msituni, si ya mtu anayekaa juu ya jiwe akipiga mlima wa jirani."

Orrin ana bunduki moja ya risasi kubwa, magnamu ya mia tatu, mtutu mrefu kama mlingoti. Akiipiga, mbwa wa ranchi tatu wanaingia chini ya vitanda. Anaamini Montana nzima inapaswa kubeba bunduki kama yake kuwindia elki, wale kulungu wakubwa kama farasi.

"Elki si sungura, dada."

"Elki wangu wote wa miaka ya karibuni niliwapiga kwa umbali wa kunusa harufu yao. Misonobari yote ile, mtutu wako ungenasa kwenye tawi la kwanza, ukabaki unapigana na mti."

"Mtutu mfupi unapoteza kasi. Hesabu ni hesabu."

"Kwa hatua themanini elki hana nafasi ya kupiga hesabu."

Marvene alipaliwa na keki. Orrin akapiga meza. "Mchagua jembe si mkulima, Verla!"

"Na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hili bega umelilalia wewe?"

Akacheka, maana Orrin anapenda kushindwa kwa maneno mazuri kuliko anavyopenda kushinda. Lakini hakunyamaza. "Haya. Na yule dubu wa mwaka jana? Akirudi utampiga kwa mwiko?"

Yule dubu alinijia mbio nikiwa nimepiga magoti nachuna elki, pale Kijito cha Sorrel. Nilimnyunyizia pilipili ya kopo, akasimama hatua chache mbele yangu, akapiga chafya, akageuka. Bunduki ilikuwa imeegemea gogo. Hata ingekuwa mzinga wa jeshi, ingebaki imeegemea gogo. Nilimwambia Orrin hivyo. Lyle aliinuka kwenda kuchemsha kahawa, ingawa birika lilikuwa limejaa.

Julai 14

Nimemuuliza Lyle yeye anaonaje. Akasema, "Bega ni lako." Ndiyo maana niliolewa na huyu na si na mmoja wa wale wengine waliokuwa wakipiga tarumbeta.

Julai 22

Nimerudi kwa Pruss peke yangu. Kwa kuwa hakukuwa na mwanaume wa kumgeukia, alilazimika kunitazama, na kwa kweli mambo yalikwenda vizuri. Alinipima mkono kutoka kiwiko hadi kidole cha kufyatulia. Alitaka nifikirie risasi ya mbili-themanini, mtutu wa inchi ishirini na nne. "Kichwa cha risasi ni kile kile, mama. Unene ule ule. Ganda tu ndilo refu zaidi, baruti zaidi."

"Na teke zaidi."

"Kidogo."

"Hicho kidogo kitakaa wapi? Hapa kwako au hapa kwangu?"

Akaja na lingine: mdomo wa mtutu utobolewe matundu ya kupunguza teke. Nikamwambia nimesimama karibu na bunduki ya aina hiyo, masikio yalilia hadi Jumatano. Sitaki. Mwishowe akainua mikono. "Saba-sifuri-nane. Inchi ishirini. Umeshinda."

Sikwenda kushinda. Nilikwenda kununua kitu ninachokitaka. Kwa nini hilo linahesabiwa kuwa vita?

Agosti 10

Moshi wa misitu inayoungua upande wa magharibi. Jua jekundu kama kiini cha yai. Kuku wamegoma kutaga.

Agosti 24

Orrin amepiga simu kuniambia amesoma kwamba hata wanawake wa Alaska wanabeba magnamu. Nikamuuliza wanawake wa Alaska wanalala na bega la nani. Akakata simu akicheka.

Septemba 6

Mvua ya kwanza. Moshi umekufa. Majani ya mwisho yamelowa kabla hatujayafunga, na Lyle hajalalamika hata neno. Wakati mwingine natamani alalamike.

Septemba 17

Nimekandamiza kalamu hadi karatasi imetoboka.

Pruss alipiga simu kwamba bunduki iko tayari. Nilivaa shati safi. Nacheka sasa, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilivaa shati safi kama msichana anayekwenda kupigwa picha. Pruss aliitoa nyuma ya pazia, akailaza juu ya blanketi. Kitako cha mti wa jozi, mishipa ya mti ikitiririka kama maji ya kijito. Nilikigusa, machozi yakanilenga.

Kisha macho yangu yakafuata mtutu. Yakaufuata. Yakaendelea kuufuata.

"Huu si wa inchi ishirini," nikasema.

"Ishirini na sita," akasema Pruss, akitabasamu kama mtu aliyekupa zawadi ya ziada. "Na ni mbili-themanini, kama mlivyobadilisha."

"Nani kabadilisha?"

Tabasamu likaanza kuyeyuka. Akasema mwezi Agosti alipigiwa simu, yeye akiwa kwenye mashine ya kukerezea chuma, mashine inanguruma. Mwanaume akasema bunduki ya Verla Tronrud ibadilishwe, iwe mbili-themanini, mtutu mrefu, amekubali mwenyewe.

"Mwanaume yupi?"

"Mama, mimi sipendi kuingia kati ya watu wa familia."

"Umeshaingia! Umeingia na viatu vya matope! Bunduki ni yangu, mkono ulioupima ni wangu, na namba yangu ya simu unayo. Ulishindwa nini kunipigia mimi?"

Akasema alidhani ni jambo la nyumbani lililokwisha kuamuliwa. Nikamuuliza kama Orrin angekuja kuagiza bunduki, kisha mwanamke akapiga simu kuibadilisha, angebadilisha? Alikuna shingo. Pale ndipo nilipojua jibu, na ndilo limenichoma kuliko mtutu wenyewe.

Niliipiga nyuma ya duka lake, risasi moja. Skrubu zote begani ziliitikia. Nimeiacha pale pale juu ya blanketi lake.

Septemba 18

Ni Orrin. Nani mwingine? Tangu Julai amenikalia kooni na magnamu yake. Nimekwenda kwake asubuhi. Lyle alitaka nisubiri hasira zipoe. Nikamwambia hizi si uji. Akaja nami, akabaki amesimama kando ya pikapu.

Orrin alikuwa anatengeneza trela. Sikumsalimu.

"Umempigia Pruss simu ukabadilisha bunduki yangu."

Alinitazama kama nimezungumza Kichina. "Nimefanya nini?"

Nikamweleza, kwa sauti ambayo Marvene aliisikia akiwa jikoni, maana alitoka na unga mikononi. Orrin akasikiliza. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akamtazama Lyle, muda mrefu kidogo, akafuta grisi mikononi kidole kimoja kimoja.

"Si mimi, Verla."

"Ni nani basi?"

"Nimekwambia si mimi."

"Siku zote una maneno ya kujaza ghala, leo umebaki na hayo tu?"

Akaokota spana. Nikaona ukimya wake ni hatia. Nikamwambia asije kambini kuwinda nasi mwaka huu. Hema ni langu, farasi ni wangu, na sitaki kulala chini ya kitambaa kimoja na mtu anayeniona mtoto. Orrin hajakosa kambi ile tangu baba alipompeleka akiwa na meno ya maziwa. Alivaa kofia yake. "Sawa, dada," akasema, akarudi chini ya trela.

Njiani Lyle hakusema kitu. Mimi nilisema vya kutosha watu wawili.

Septemba 22

Nimekwenda kwa Pruss na kusimama kando ya mashine yake. Kumbe yanarekebishika. Kwa kuwa kichwa cha risasi ni kile kile, anaweza kukata inchi nzima upande wa nyuma wa mtutu, achonge upya nyuzi za kuufungia na chumba cha ganda fupi, kisha akate mbele mpaka ibaki ishirini. Mtutu mrefu unafupishika. Ningekuwa nimeagiza mrefu nikaletewa mfupi, hapo tungelia wote.

"Sitakutoza kitu," akasema.

"Najua hutanitoza."

Alipokuwa anafunga mtutu kwenye mashine alisema, bila kunitazama, "Ningekupigia simu. Ilinipasa." Nimemsamehe kiasi cha robo.

Oktoba 11

Imekuja. Ishirini. Nimeipima kwa rula yangu mwenyewe mbele yake, akasubiri kama mwanafunzi. Nimepiga risasi kadhaa kwenye karatasi kwa hatua mia. Zote zingefunikwa na sahani ya kikombe. Bega limeguswa tu, kama mtu anayekuita kwa nyuma. Inaingia kwenye mfuko wa tandiko bila kumchoma farasi mbavuni. Nilipoiinua usoni ilikuja yenyewe.

Nilitaka kumpigia Orrin nimtambie. Nikaiweka simu chini.

Oktoba 25

Siku ya kwanza ya msimu. Kambini tuko mimi na Lyle. Theluji hadi kifundo cha mguu. Hakuna aliyeunguza nyama ya asubuhi, hakuna aliyeimba vibaya, hakuna aliyesimulia kwa mara ya mia elki aliyemkosa mwaka ule wa baridi kuu. Kimya kizuri. Nimekichukia.

Lyle ananifuata nyuma karibu mno. Nikisimama anagonga mkoba wangu. Nimemuuliza ana nini. "Hakuna."

Oktoba 27

Tumeona nyayo za dubu, mpya, zikivuka njia yetu. Lyle akataka turudi. Tumerudi. Sijaona elki.

Novemba 5

Marvene amenikamata dukani mjini, kati ya unga na sukari.

"Wifi, sina ugomvi nawe," akasema, "lakini kaka yako amekaa dirishani tangu msimu ufunguliwe, anautazama mlima kama mbwa aliyefungiwa ndani. Magoti yake yamebakiza miaka mingapi ya kupanda?"

"Angefikiria hilo kabla hajashika simu."

"Orrin?" Marvene aliweka kikapu chini. "Orrin huyu ambaye akikuchukia anakuja hadi mlangoni kukwambia? Huyo ndiye unasema alikuzunguka?"

Nikasema sina muda. Nimenunua unga niliokuwa nao nyumbani.

Novemba 9

Nitaandika hivi hivi kama ilivyotokea, nisije kesho nikailainisha.

Tulikuwa tunakarabati ua wa mashariki, upepo unakata masikio. Nilikuwa nazungumzia bunduki tena, nakiri, naizungumzia mno. Nikasema Pruss naye ana akili gani, mtutu wa inchi ishirini na sita kwa mtu wa kimo changu, ingekuwa kama kutembea na ngazi.

Lyle alikuwa na misumari mdomoni. Akasema, kupitia misumari, "Hata mimi nilishangaa. Nilimwambia ishirini na nne."

Upepo ulivuma. Ng'ombe mmoja alikohoa.

Aliitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka mfukoni. Hakujaribu kusema nimesikia vibaya. Nampa hilo.

"Wewe," nikasema.

"Verla."

"Wewe ulisimama kando ya pikapu."

"Najua."

"Ulisimama pale ukaniacha nikamfukuza ndugu yangu kwenye kambi ya baba yake! Ukarudi nami nyumbani! Ukala chakula! Wiki zote hizi umenisikia nikimlaani, ukaniongezea chumvi mezani!"

"Nilitaka kusema."

"Lini? Ulikuwa unasubiri nani akufungulie mdomo?"

Mtutu nilishausamehe nusu, mtutu umekatwa na mambo yamekwisha. Lakini kimya kile! Miaka thelathini nimekisifu kimya cha mwanaume huyu. Nimewaambia wanawake wenzangu: wangu haropoki, wangu haingilii. Kumbe kimya kingi kina mshindo, na mshindo wenyewe umemwangukia Orrin.

Nilimwacha na nyundo yake. Nimerudi kwa miguu.

Novemba 10

Nimekwenda kwa Orrin. Alikuwa anachambua maharage na Marvene. Nilisimama mlangoni kama mdaiwa.

"Ni Lyle," nikasema.

"Najua ni Lyle."

"Ulijuaje?"

"Alinijia Agosti. Akaniuliza mbili-themanini inafaa au haifai kwa dubu. Nikamwambia inafaa, lakini mwache dada yangu achague mwenyewe, la sivyo atakuchuna ngozi. Hakusikia."

Orrin ndiye aliyesema hivyo. Orrin wa magnamu.

"Kwa nini hukuniambia, siku ile pale kwenye trela?"

"Nikwambie mbele yake kwamba mumeo ni mwongo? Hiyo ilikuwa kazi yake. Nilimpa nafasi. Nikaendelea kumpa." Akatupa harage bovu kwenye ndoo. "Lakini na wewe, Verla! Mimi nakusema usoni tangu unatambaa. Mgongoni nilikusema lini? Hebu nitajie siku moja."

Sikuwa na siku. Nikamwomba msamaha. Akasema ameusikia. Nikamwomba aje kambini wiki ya mwisho. Akasema atafikiri. Alikuwa na hasira, haki yake, na alikaa nayo mbele yangu wazi wazi kama mtu aliyeweka sahani mezani. Nikaona ni afadhali mara elfu hasira ile kuliko amani ya nyumbani kwangu.

Novemba 13

Lyle analala chumba cha vibarua.

Novemba 16

Bado.

Novemba 19

Theluji nzito. Tumelisha ng'ombe pamoja. Mikono inajua kazi.

Novemba 23

Ametoka chumba cha vibarua asubuhi, akaja jikoni, akavua kofia. Akasema ana neno, na nisimkatize maana akikatizwa hataweza tena. Nikazima jiko.

Alisema siku ile ya dubu, pale Kijito cha Sorrel, alikuwa juu kidogo, kwenye farasi. Hilo nalijua. Alisema alimwona dubu kabla yangu. Hilo sikulijua. Alishuka, akainua bunduki, akampata dubu kwenye darubini waziwazi, mimi nikiwa kando kabisa, hakuna kilichomzuia kupiga.

"Mkono ulikufa," akasema. "Sikuweza kukunja kidole. Wala sikuweza kuita jina lako. Ulijitetea mwenyewe, mimi nikitazama. Kisha ukaniuliza kama nimeona, nikasema ndiyo kwanza nafika."

Ndivyo alivyoniambia siku ile, kwamba ndiyo kwanza alikuwa anafika, na sikuwahi kulifikiria tena.

"Nikasema mwaka huu uwe na bunduki kubwa. Kwa sababu mimi si wa kutegemewa."

Sikumkatiza. Lakini alipomaliza nilikuwa na langu.

"Mwaka mzima, Lyle. Mwaka mzima ulibeba hilo, ukaona ni rahisi kunibadilishia mtutu kuliko kuniambia neno moja. Ungeniambia ningekuwa nimelia nawe. Hofu ni yako, sikuchukii kwa hofu. Lakini uliitoa kwako ukaifunga begani kwangu, tena bega lenye skrubu, kisha ukamwachia Orrin alipie."

"Ndiyo," akasema.

"Umeshamwambia Orrin?"

"Nakwenda sasa."

Alikwenda. Hakurudi hadi jioni. Sijui walisemeshana nini. Alirudi na mtungi wa jamu ya cheri mwitu kutoka kwa Marvene na uso kama wa mtu aliyenyolewa bila maji.

Novemba 27, Sikukuu ya Shukrani

Orrin na Marvene wamekuja. Bata mzinga alikuwa mkavu. Orrin alisema hivyo mara nne. Sikuwahi kufurahi hivi kutukaniwa chakula.

Novemba 30, Jumapili, siku ya mwisho ya msimu

Tulipanda mlimani watatu. Sikumwalika Lyle, nilimkuta amewatandika farasi wote, na wake akiwemo, akanitazama. Nikasema, "Haya." Hakuna zaidi.

Magoti ya Orrin yalituchelewesha kwenye kila kilima, na kila kilima alikilaumu kwa jina. Adhuhuri ilipopita tuliingia kwenye misonobari minene, chini ya Kijito cha Sorrel, mimi mbele. Upepo ulikuwa usoni. Nikanusa elki kabla sijamwona, ile harufu ya zizi na majani matamu. Kisha sikio moja likacheza kati ya miti. Jike mkubwa, hatua hamsini, labda pungufu. Niliinua bunduki katikati ya matawi mawili na hakuna kilichonasa. Nilipofyatua, alipiga hatua chache akaketi chini kama aliyechoka.

Orrin alikuja akihema. Akamtazama elki, akaitazama bunduki, akakohoa. "Mwiko umepakua," akasema.

Tulikuwa katikati ya kumchuna elki, farasi wakaanza kuvuta kamba na kukoroma. Juu yetu, kwenye kichaka cha kando ya mlima, kitu kizito kilivunja tawi. Kikavunja jingine. Hatukumwona dubu. Hatukuhitaji kumwona.

Orrin alinong'ona tuchukue mapaja tuondoke. Nikasema ndiyo, lakini lazima kwanza tukate na kufunga, na hapo watu wawili watakuwa na mikono ndani ya nyama. Mmoja asimame.

Nilimwona Orrin anaikodolea macho magnamu yake, iliyoegemea mti, tayari kujitolea. Nikafuta mikono kwenye theluji, nikachukua bunduki yangu, nikaingiza risasi, nikamkabidhi Lyle, pamoja na kopo la pilipili.

"Tazama kule juu," nikamwambia. "Ukiona kitu, paza sauti. Hata ukishindwa kufyatua, sauti tu. Mimi nitafanya mengine."

Nilidhani atarudisha. Aliipokea. Alisimama kati yetu na kile kichaka, mgongo kwetu, na kutoka pale nilipopiga magoti niliona mdomo wa mtutu unatetemeka kama jani. Ulitetemeka tulipokata paja la kwanza na la pili. Ulitetemeka tulipofunga kamba. Tawi lilivunjika tena, karibu zaidi.

"Verla!" akapaza sauti. "Kulia! Anashuka kulia!"

Mlima wote uliisikia. Sijawahi kumsikia Lyle akipiga kelele, hata ghala lilipoungua. Kichaka kilitulia. Kisha tulisikia kile kitu kizito kikiondoka, bila haraka, kikipanda juu, mawe yakiporomoka nyuma yake.

Tuliwaachia wenye mlima mbavu na shingo. Kwenye njia ya kurudi Orrin alitangulia akiimba vibaya. Lyle alikuwa anatembea kando yangu akimwongoza farasi aliyebeba nyama.

"Bado una hasira?" akauliza.

"Bado."

"Nyingi?"

"Nyingi. Lakini nimekusikia."

Akatikisa kichwa. Tukaendelea kutelemka, na baada ya muda akaanza kuzungumza, polepole, akatafuta maneno, akayapata mengine, na mimi sikumkatiza mpaka tulipofika getini.